Kubadili ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki) ya Harrier ya zamani mwenyewe nyumbani, na ile hofu ya "ukimwaga tu gia zinakufa"

Swali la msomaji: "Habari mkuu, heshima kwako. Nina Harrier tako la nyani ya 2005, injini 2.4, nipo Tabata. Inasoma km 168,000, niliinunua kwa mtu 2019 na tangu hapo oili ya giaboksi sijaigusa. Asubuhi nikiweka R inachelewa kidogo kushika, ikishapata moto iko poa. Fundi wa kwanza kasema nisiiguse kabisa, eti ukimwaga oili ya zamani gia zinaanza kuteleza. Wa pili anataka aifanyie flashi kwa mashine ya presha. Mi nataka nifanye mwenyewe nyumbani, jeki ninayo, spana ninazo. Inawezekana? Niweke oili gani? Na Desemba nataka kwenda nayo Moshi, nifanye kabla au nikirudi?"

Kaka, salama kabisa. Inawezekana, na kwa gari yako wala sio kazi ya kuogopa maana giaboksi yako ina stiki ya kupimia na ina nati yake ya kumwagia chini, wenzako wenye gari mpya zisizo na stiki ndio wanapata tabu. Nikujibu kwa kifupi kwanza alafu nieleze: usifanye flashi ya presha (ile ya kusukuma oili yote itoke kwa nguvu kwa mkupuo mmoja), usiiache vile vile ilivyo pia, mwaga ile inayotoka yenyewe, rudishia kiasi kile kile kilichotoka kwa oili sahihi, endesha wiki mbili tatu, rudia, alafu rudia tena. Kazi yote ni hiyo. Kinachoua giaboksi za watu ni vitu viwili, oili isiyo yake na kipimo kisicho sawa, kwa hiyo hapo ndipo nitakapokaa sana.

Tuanze na hiyo hofu maana naisikia kila siku na watu wengi wanaendesha oili nyeusi miaka kumi kwa sababu yake. Fundi wako wa kwanza hakudanganyi, yeye kaona kwa macho yake gari imebadilishwa oili na baada ya siku tatu haiendi. Ila angalia gari hizo zilikujaje gereji. Mara nyingi mwenye gari kaanza kuona gia zinateleza, unakanyaga mafuta rpm inapanda gari haliongezeki mwendo, ndio anakumbuka oili, anasema ngoja nibadili labda itapona. Hapo klachi za ndani zimeshaisha. Kwenye giaboksi ya otomatiki kuna sahani nyingi za klachi zimebandikwa kitambaa fulani laini kama karatasi ngumu, kikilika unga wake unaingia kwenye oili, na sili za mpira zinazosukuma hizo sahani nazo zinakuwa ngumu kwa joto na miaka. Giaboksi ya namna hiyo ilikuwa inasukuma siku zake za mwisho, na oili mpya ikikuta hali hiyo inabeba lawama ya kitu kilichokufa mwezi mmoja nyuma. Kuna wanaosema ule unga kwenye oili chafu ndio unasaidia klachi kushika, sawa, lakini kama gari inashika kwa ajili ya uchafu basi hiyo inataka kushushwa na kufunguliwa, oili ubadili usibadili.

Sasa giaboksi ambayo bado inashika vizuri, kama yako unavyoielezea, hiyo ni habari tofauti. Hiyo inachohitaji ni oili iliyo hai. ATF haifanyi kazi ya kulainisha tu, ndiyo inayobeba presha ya kusukuma klachi, ndiyo inayopitisha nguvu kutoka kwenye injini ndani ya toki kanveta (kile kiungo cha injini na giaboksi), na ndiyo inayobeba joto kwenda kupozwa. Kwa foleni za kwetu, Mandela Road saa kumi na mbili jioni, kiyoyozi kinawaka, unakanyaga breki unaachia unakanyaga, toki kanveta inazalisha joto muda wote na upepo wa mbele hakuna. Oili ikipata joto sana na miaka inaoza, viungo vyake vinakufa, inakuwa nyepesi na inaacha utando wa kunata kwenye vivalvu vidogo.

Na ndio maana siipendi ile flashi ya presha kwa gari ambayo haijaguswa muda mrefu. Ndani ya giaboksi kuna kitu kinaitwa valvu bodi, ina vinjia vyembamba sana na solenoidi (vivalvu vya umeme), utando na uchafu uliotulia sehemu miaka yote ukiusukuma kwa nguvu kwa mkupuo mmoja utaenda kukaa huko. Nisiwe mkali kupita kiasi, zipo mashine ambazo hazisukumi kwa presha yake, zinaungwa kwenye paipu ya kupozea na pampu ya giaboksi yenyewe inatoa chafu huku mpya inaingia, hizo sina ugomvi nazo. Ila uliza swali moja, ndani ya hiyo mashine kuna oili gani? Ukikuta wana pipa moja la "inafaa gari zote" ondoka.

Kabla hujanunua hata kopo moja la oili, pima iliyomo. Endesha gari kama dakika 20 hivi lipate moto kweli kweli, paki sehemu tambarare, injini iache inaunguruma, kanyaga breki, vuta handbreki, alafu pitisha gia zote taratibu kutoka P mpaka ya mwisho chini na urudi P, kila moja ukikaa nayo sekunde mbili tatu. Injini ikiwa bado inawaka chomoa stiki ya giaboksi, futa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, rudisha mpaka mwisho, chomoa tena usome. Utaona alama mbili, COOL na HOT. Hiyo ya HOT ndio ya kuiamini, oili ikiwa kwenye nyuzi joto 70 mpaka 80 hivi iwe ndani ya eneo hilo la HOT. COOL ni ya kukuongoza tu wakati unajaza. Soma pande zote mbili za stiki, upande unaosoma chini zaidi ndio uuchukue. Na ukiwa na ndugu mwenye Honda usimfundishe hivi hivi, Honda wao wanapima injini ikiwa imezimwa muda mfupi baada ya kupata moto.

Sasa dondosha tone kwenye karatasi nyeupe au tishu. Nyekundu au nyekundu inayoelekea kahawia, safi. Kahawia iliyokolea lakini hainuki, imechoka, ndio hiyo ya kubadili. Nyeusi na inanuka moshi kama kitu kilichoungua na gari linateleza, basi hela ya oili itunze, mpelekee fundi wa giaboksi aifungue, kubadili hakutarudisha klachi. Ikiwa ya rangi ya waridi yenye ukungu kama maziwa, simama hapo hapo usiwashe tena gari, hiyo ni maji yameingia na nitaieleza chini huko.

Hiyo R yako sasa. Toyota wana kipimo chao ambacho unaweza kufanya na simu. Gari likiwa na moto, handbreki juu, mguu umekanyaga breki sawasawa, mbele na nyuma pasiwe na mtu, toa N weka D na uhesabu mpaka usikie gari limeshika, isizidi sekunde 1.2. Rudi N, subiri dakika moja, weka R, isizidi sekunde 1.5. Rudia mara tatu uchukue wastani. Kama ikiwa na moto unapata namba hizo na asubuhi tu ndio inachelewa, mshukiwa wa kwanza ni oili kupungua, wa pili oili kuchoka, wa tatu sili zimekuwa ngumu kwa umri. Viwili vya mwanzo utavimaliza mwenyewe nyumbani. Cha tatu oili mpya itakipunguza au haitakipunguza, ila haitakiongeza. Kama hata ikiwa na moto R inachukua sekunde tatu nne, usiendelee na mpango huu, pata mtu apime presha ya giaboksi kwanza.

Oili. Chomoa ile stiki yako usome maandishi yaliyochongwa, Toyota nyingi za umri huo zimeandika pale pale aina ya ATF, ya kwako itasema T-IV. Basi ni T-IV, au oili ya kampuni nyingine inayoheshimika ambayo nyuma ya kopo imeandika wazi kwamba inakidhi T-IV. Kuna muuzaji atakwambia chukua WS ndio mpya ndio bora zaidi. WS ni ya giaboksi zilizokuja baada, ni nyepesi zaidi, na klachi zako zimepangiwa mshiko wa T-IV, usichukue. Mwingine atakupa Dexron III kwa sababu ni nyekundu pia na bei yake ni rahisi. Dexron ni jina la General Motors, wameanza nalo 1967, na leseni za Dexron III wameacha kuzitoa tangu mwisho wa 2006, kwa hiyo kopo jipya la leo lililoandikwa Dexron III hakuna GM aliyelikagua, ni neno la mtengenezaji peke yake. Zipo Toyota za zamani zaidi ambazo kitabu chao kinasema Dexron, sawa, hizo wawekee, lakini sio ya kwako. Rangi nyekundu ni dawa tu ya rangi wameweka ili uitofautishe na oili ya injini, haikwambii chochote kuhusu kilichomo.

Na wengine wanaosoma hapa wenye gari zingine msinakili jibu hili kwenye oili. X-Trail ya T31 yenye CVT (giaboksi ya mkanda) inataka NS-2, ukiiwekea ATF ya kawaida mkanda wa ndani unaanza kuteleza na giaboksi inakufa, hii imewagharimu watu wengi sana hapa mjini. CR-V za zamani zilikuwa za Z1, siku hizi Honda wenyewe wanatoa DW-1 badala yake. Pajero nyingi ni SP-III. Kila gari na yake, soma kitabu au stiki.

Nunua lita 5 kwa raundi ya kwanza, utatumia kama tatu na nusu na inayobaki itaingia raundi inayofuata. Nunua kopo lililofungwa na sili yake haijaguswa, duka lenye risiti, usikubali ya kupimiwa kutoka kwenye dumu hata kama ni rafiki. Nunua pia washa mpya (ile ringi ya kuzibia) ya nati ya kumwagia.

Angalia pia kama gari yako ni ya kuvuta mbele tu au ni 4WD. Fungua boneti soma bati la kiwandani, ACU30 ni ya kuvuta mbele, ACU35 ni 4WD. Au chungulia nyuma chini kama kuna difu na propela shafti. Ukiwa na 4WD kuna transfa (inayopeleka nguvu matairi ya nyuma) imeshikana na giaboksi ina oili yake nzito ya gia 75W-90 na ina nati zake, na difu ya nyuma hivyo hivyo. Hizo ni kazi nyingine siku nyingine. Nakutajia ili usije kufungua nati ya transfa ukidhani ndio ya ATF.

Kuhusu kuinua gari nisikilize vizuri. Jeki ni ya kunyanyulia, sio ya kulalia chini yake. Tofali la bloku halibebi gari, linapasuka bila kukupa taarifa, na watu wamekufa hivyo kwenye viwanja vya nyumba zao wakifanya kazi ya nusu saa. Nunua stendi mbili za chuma au azima, sakafu iwe ya zege sio mchanga, weka kizuizi kwenye matairi ya nyuma, handbreki juu, ukishaweka kwenye stendi lisukume gari kwa bega uone kama linacheza. Kama halijakaa sawa shusha uanze upya. Kama huna stendi, nenda gereji yenye shimo, ongea nao ufanye mwenyewe hapo, wengi watakubali kwa pesa ndogo. Watoto wasiwe karibu.

Oili iwe ya vuguvugu, sio ya moto. Iliyotoka kuendeshwa inaunguza ngozi, iache gari lipoe kama nusu saa hadi saa nzima. Ingia chini uangalie upande wa giaboksi, yani upande wa kushoto wa gari, kuna sampo (bakuli la oili la chini) bapa ina boliti nyingi ndogo kuzunguka na kwenye hiyo sampo kuna nati moja ya tundu la pembe sita, inafunguliwa na alenkii namba 10. Nati ya oili ya injini ipo upande mwingine na ina kichwa cha kawaida cha spana 14. Hapa watu wanakosea, wanamwaga oili ya giaboksi wakidhani ni ya injini, alafu wanajaza injini juu ya oili iliyokuwepo na gari wanaliondoa huku giaboksi imepungua lita tatu. Ukiona inayotoka ni nyekundu au kahawia nyepesi upo penyewe, ikiwa nyeusi nzito ya kunata funga haraka, hiyo ni ya injini.

Safisha tundu la alenkii kwa msumari kabla hujaingiza, tope likijaa ndani alenkii haiingii mpaka mwisho na itakula kingo, ukishazila hiyo nati ni shida nyingine kabisa. Weka beseni, legeza kwa spana kisha malizia kwa mkono. Acha ivuje mpaka iwe matone, dakika 15 hivi, usiharakishe.

Sasa hapa ndipo penye siri ya kazi nzima: pima kilichotoka. Chukua chupa tupu za maji za lita moja na nusu, mimina humo kwa faneli, zipange, utajua umetoa kiasi gani. Kwa giaboksi yako itakuwa lita tatu na nusu hivi, labda pungufu kama ilikuwa imepungua. Kama mwanzoni ulipopima ikiwa na moto kipimo kilikuwa sawa, rudishia kiasi hicho hicho kilichotoka, basi. Kama ilikuwa chini, rudishia hicho kwanza alafu ongeza kidogo kidogo baadaye kwa kupima. Kumbuka oili ya vuguvugu inakuwa imevimba kidogo, kwa hiyo zile chupa ziache zipoe zilingane na oili mpya ndio usome.

Funga nati na washa mpya. Kitabu cha Toyota kinasema 49 Nm, kama una spana ya toki itumie, kama huna basi ni kukaza mpaka igote kisha kuongeza kidogo kwa mkono mmoja, sampo sio kitu cha kupandia na paipu.

Kujaza ni kupitia pale pale stiki inapoingia. Utahitaji faneli yenye mrija mwembamba mrefu, iwe safi kabisa, faneli iliyotumika kwenye kulanti (maji ya rejeta ya kupozea injini) au mafuta ya kupikia usiilete. Mimina taratibu maana njia ni nyembamba. Ukimaliza washa injini, mguu kwenye breki, pitisha gia zote, pima ikiwa bado ya baridi iguse eneo la COOL, angalia chini kama kuna kinachovuja, alafu kazungukie mtaani dakika 20 upime tena kwenye HOT kama nilivyokueleza mwanzo. Ongeza kwa robo lita, sio kwa lita.

Usijaze kupita kiasi kwa kudhani nyingi ni bora. Oili ikizidi inafika kwenye gia zinazozunguka, inapigwa inakuwa povu, na povu halibebi presha, klachi zinateleza vile vile kama oili ilikuwa imepungua. Ikipungua nayo pampu inavuta hewa, hasa ukikata kona au ukipanda mlima. Dalili zinafanana, kwa hiyo usikisie, pima. Ukigundua imezidi itoe kwa bomba la sindano kubwa na mrija kupitia tundu la stiki.

Utajiuliza kwa nini nitoe tatu na nusu wakati ndani kuna zaidi. Ni kwa sababu nyingine imekaa kwenye toki kanveta na kwenye paipu, haitoki kwa nati. Tuseme jumla ni lita 8. Raundi ya kwanza unakuwa na oili mpya asilimia 44 hivi. Ya pili, kwa kuwa unamwaga mchanganyiko, unafika kama 68. Ya tatu 82. Hapo inatosha kabisa, ya nne haina maana kubwa ukilinganisha na hela. Na uzuri wa kwenda kidogo kidogo ni kwamba viungo vya kusafisha vilivyomo kwenye oili mpya vinalainisha ule utando polepole, unatoka na raundi inayofuata badala ya kung'oka kwa pamoja. Acha wiki mbili tatu au kilomita elfu moja katikati ya raundi na raundi.

Raundi ya pili ndio ushushe sampo kama una moyo wa kuishusha, na mi ningekushauri ushushe. Kwanza mwaga kwa nati, kisha fungua boliti za kichwa cha 10 zote, shusha kona moja kwanza maana bado kuna oili imebaki. Ndani utaona filta imeshikwa na boliti chache, itoe uweke mpya, na angalia oringi yake (ringi ya mpira ya kuzibia) kama ya zamani haijabaki juu imeng'ang'ania. Kwenye sampo kuna sumaku. Hizo sumaku ndio taarifa ya hospitali ya giaboksi yako: matope laini ya kijivu ambayo ukisugua vidoleni huhisi chembe, hiyo ni kawaida kwa gari ya km 168,000, safisha urudishe. Ukikuta vipande vya chuma vinavyong'aa unavyoweza kuviokota, au vipande vyeusi vya kitambaa cha klachi vimejaa sampo nzima, piga picha, funga, na uanze kuweka hela ya fundi. Na niseme ukweli, odometa ya gari ya mkono wa pili hatuiamini moja kwa moja, sumaku hazirudishwi nyuma.

Gasketi ya sampo weka mpya na uiweke kavu. Usipake silikoni. Najua mafundi wengi wanapaka ili isivuje, lakini inayobinyika kwenda ndani inakatika, inasafiri na oili mpaka kwenye valvu bodi, na hapo unatafuta tatizo la gia usilolijua chanzo. Safisha uso wa sampo vizuri, hakikisha haijapinda kwenye matundu ya boliti, kaza kwa mzunguko wa msalaba kwa nguvu ndogo tu, kama 8 Nm, hizo boliti ni ndogo na giaboksi ni aluminiamu, uzi wake ukikatika utalia.

Nilisema nitarudi kwenye maji. Oili ya giaboksi yako inapita ndani ya tenki la rejeta ili ipozwe, imetenganishwa na kulanti kwa ukuta mwembamba tu wa chuma. Watu wetu wanajaza rejeta maji ya bomba au ya kisima miaka na miaka, yanakula kile chuma mpaka kinatoboka, kulanti inaingia kwenye giaboksi, gundi ya sahani za klachi inaachia. Ukiangalia rejeta yako ukakuta maji ya kutu, panga kuisafisha na kuweka kulanti halisi mwezi huo huo unaobadili ATF, vinginevyo unatunza upande mmoja na kuua mwingine. Njia ya pili ya maji ni mafuriko. Giaboksi ina tundu la kupumulia juu, ukiingia na gari lenye moto kwenye maji marefu pale Jangwani kwa mfano, hewa ya ndani inapoa ghafla inasinyaa na inavuta maji kupitia hapo. Kama mvua za masika zimekukuta humo na maji yalifika juu ya giaboksi, angalia stiki siku hiyo hiyo.

Kitu kingine, kama baada ya raundi zote gia bado zinapiga teke wakati wa kubadilika, usiendelee kununua oili. Inaweza kuwa solenoidi, inaweza kuwa mipira ya kushikilia injini na giaboksi imekatika, inaweza kuwa kompyuta ya gari. Huko Marekani RAV4 za 2001 mpaka 2003 zilisumbua sana kwa gia kupiga na chanzo kilikuwa ECM, yani hiyo kompyuta, watu wakabadili giaboksi nzima kabla hawajajua. Soma na mashine ya diagnosi kwanza.

Baada ya hapo hesabu yako iwe kila km 40,000 hivi unamwaga mara moja na kurudishia, kwa mwendo wa foleni za Dar sio nyingi. Andika tarehe na kilomita kwenye karatasi uibandike chini ya boneti. Hizo chupa za oili chafu usimwage mtaroni, zipeleke kwenye gereji inayokusanya oili chafu, na uziandike ubavuni kwa kalamu ya wino mzito maana chupa ya maji yenye kitu chekundu ndani mtoto ataifungua anywe.

Safari ya Moshi. Fanya kabla, ila sio usiku wa kuamkia safari. Kama ni Desemba, raundi ya kwanza ifanye mwanzoni mwa Novemba, ya pili na sampo wiki ya mwisho ya Novemba, alafu litumie gari mjini angalau wiki mbili, kila asubuhi unachungulia sakafuni kama kuna tone jekundu. Siku mbili kabla ya kuondoka pima tena ikiwa na moto. Njiani beba lita moja ya T-IV na ile faneli yako nyembamba, na ukiwa na watu watano na mizigo kwenye vilima weka gia ya chini mwenyewe badala ya kuiacha D ihangaike kupanda na kushuka gia, joto linakuwa dogo. Ya tatu utaifanya ukirudi.